Barua ya wazi kwa wenye funguo za kumbi zetu

Kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Waziri wa Serikali za Mitaa. Na ma-RDC (wawakilishi wa Rais wilayani), mameya, makarani wa miji na wakuu wa polisi wa miji ya mpakani ya Uganda, tangu Busia na Malaba hadi Mpondwe.

Waheshimiwa,

Mimi ni mchora mabango. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika bei ya simenti kwenye kuta za maduka, kuchora vichwa vilivyosukwa nje ya saluni na kupaka upya jina la baa kila inapopata mmiliki mpya. Muda unaobaki nafundisha vijana kuchora, na inapowezekana tunatundika kazi zao mahali penye watu. Barua hii ni ya hayo maonyesho, hasa yanayogusa mambo tunayogombania: ardhi, ushuru, uchaguzi, dhahabu, kumbukumbu za vita. Ombi letu ni moja, nami nalitanguliza ili mwenye haraka asilazimike kufika mwisho. Tuandikieni, kwa ukurasa mmoja tu, utaratibu wa kufanya maonyesho ya picha katika kumbi na masoko ya umma. Uwe utaratibu wa kutoa taarifa, usiwe wa kuomba kibali, na asiwepo afisa wa kuzipitia picha kabla wananchi hawajaziona.

Mkisema utaratibu upo, basi umefichwa vizuri. Katika mji mmoja wa mpakani, ambao sitautaja kwa sababu waliotuzungusha ni jirani zetu na kesho tutakutana nao sokoni, tuliomba ukumbi wa umma kwa wikendi moja. Ofisi ya kwanza ikasema ukumbi uko wazi, ila kwa kuwa picha zina siasa, leteni barua ya polisi. Polisi wakatupokea vizuri, afande akatuvutia hadi viti, kisha akasema jambo kama hilo yeye hawezi kuligusa bila neno kutoka juu. Huko juu wakataka orodha ya picha zote, majina ya waliozichora, na maelezo ya kila picha: ina maana gani, inamlenga nani. Tukaandika. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amechora kuku wanagombania punje uani kwao. Kwenye sehemu ya "inamlenga nani" akajaza: "Wanalenga mahindi."

Tukaambiwa mkubwa yuko semina Kampala, njooni Jumatatu. Jumatatu ikazaa Alhamisi. Wikendi yetu ikapita, ukumbi ukafanyiwa harusi. Hakuna aliyetukatalia, na hilo ndilo linalouma zaidi. Laiti tungekataliwa kwa maandishi, tungekuwa na karatasi ya kupeleka mbele, kwa mwanasheria au kwa diwani. Tulichopewa ni njoo kesho, na njoo kesho haina mhuri.

Nimewaandikia wengi kwa pamoja kwa sababu jambo letu limegawanywa kama nyama ya sadaka. Utamaduni uko Wizara ya Jinsia. Makumbusho yako Wizara ya Utalii. Kumbi na masoko yako kwa serikali za mitaa. Walimu wa sanaa wako Elimu. Usalama uko kwa polisi, na mwakilishi wa Rais wilayani ana jicho lake juu ya vyote hivyo. Kila mlango una mtu mwema anayekuelekeza mlango mwingine. Ninaposema mtu mwema sikebehi. Wengi wao wangependa kuja kuziona picha, tena wengine wamekuja wakiwa hawana sare. Wanachokosa ni karatasi ya kujikinga nayo siku mkubwa atakapouliza, "Nani aliruhusu?"

Sheria yenyewe haiko upande wa usumbufu huu. Katiba ya 1995, kifungu cha 29, inalinda haki ya kusema na kutoa mawazo, na ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kifungu cha 38 kinaongeza kwamba kila Mganda ana haki ya kushiriki shughuli za amani za kushawishi sera za serikali kupitia vyama vya kiraia. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele cha Sheria ya Polisi kilichompa Inspekta Jenerali uwezo wa kuzuia mikutano hata kabla haijafanyika. Ikaja Sheria ya Kusimamia Utulivu wa Umma ya 2013, na Machi 2020 mahakama ileile ikakifuta kifungu chake cha 8, kwa kuwa kilirudisha kwa mlango wa nyuma kitu kilichokwisha kukataliwa.

Ndani ya sheria hiyo ya 2013 kuna jambo jingine, dogo kwa ukubwa, ambalo maafisa wengi hawalikumbuki au hawapendi kulikumbuka. Inapoeleza mkutano wa hadhara ni upi, inataja pia mikusanyiko isiyohesabiwa kuwa mkutano wa hadhara, na humo imo ya kijamii, ya kidini, ya kitamaduni, ya hisani, ya elimu na ya biashara. Maonyesho ya picha za wanafunzi ni nini kama si utamaduni na elimu? Jibu mtakalonipa nalijua: picha ikigusa uchaguzi imekwisha kuwa siasa. Kwa hesabu hiyo khutba ya Ijumaa ikitaja rushwa iombewe kibali, na mwalimu wa historia aandike barua polisi kila anapofika mwaka 1966, jeshi la serikali liliposhambulia kasri la Kabaka wa Buganda.

Nyuma kabisa iko sheria ya 1943 ya michezo ya jukwaani na burudani za hadhara. Ilitungwa enzi za Mwingereza, na msingi wake ni kwamba mwenyeji akitaka kuonyesha kitu mbele ya wenzake, mwenye mamlaka kwanza akitazame. Mwingereza aliondoka 1962. Mwaka huohuo Kampala ilipata Sanamu ya Uhuru, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesomea sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, mwanamke aliyeanzisha mafunzo hayo mwaka 1937. Mama aliyefungwafungwa mwili anamwinua mtoto juu. Hakuna kazi ya kisiasa kuliko hiyo katika nchi hii, inapitwa na maelfu ya watu kila siku, na sijasikia mtu akimwuliza yule mama anamlenga nani.

Acheni niwaeleze picha moja kwa kirefu, ili mjue tunagombania nini hasa.

Ilichorwa kwa mkaa na rangi ya maji juu ya manila, ikabandikwa kwenye ubao wa plaiwudi. Ni lori limejaa watu hadi wengine wananing'inia nyuma, miguu hewani. Aliyeichora ni kijana wa miaka kumi na saba, na alichora anachokiona kila msimu wa kampeni: watu wanazolewa vijijini kwenda kujaza uwanja wa mgombea, wanarudi usiku wakiwa na fulana mpya na hela ya sabuni. Nyuso hakuzichora, kwa sababu nyuso bado zinamshinda. Aliweka vivuli tu. Tuliitundika pamoja na nyingine chini ya banda la mitumba, siku isiyo ya soko, kwa idhini ya mwenyekiti wa wauzaji wenyewe. Vibanio vya nguo na kamba ya katani ndivyo vilivyokuwa fremu zetu.

Mzee mmoja anayeuza kofia akasimama mbele ya lori lile, akakawia. Akasema, "Hii ni panda gari." Kijana akacheka, akadhani mzee anataja tu wanachofanya watu pichani. Mzee hakucheka. Akaanza kueleza miaka ya mwanzo ya themanini, askari walipokuwa wakizingira mtaa alfajiri na kutoa watu majumbani kwa amri hiyo, panda gari, na aliyepanda hakuwa na hakika kama atashuka. Akamtaja mmoja aliyemwona kwa macho yake akipandishwa, asimwone tena. Mama muuza mandazi aliyekuwa karibu, mzaliwa wa Teso, akasema kwao halikuwa lori, lilikuwa behewa. Alikuwa anasema Mukura, Julai 1989, ambako watu 69 walikufa kwa kukosa hewa baada ya kufungiwa na wanajeshi ndani ya behewa la treni. Mzee alikuwa anazungumzia serikali moja, mama anazungumzia nyingine, na kwa dakika kadhaa walibishana nani aliteswa na nani, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake anapunguza.

Kisha akaingia kijana mwenye fulana ya njano, mwanachama wa chama tawala, mtu wa mtaa uleule. Akasema lori hilo analijua vizuri, yeye ndiye huliandikia majina, na watu hupanda kwa hiari yao. Mchoraji akamwuliza hiari ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi ina uzito gani. Yule akamwuliza, je, upinzani hawabebi watu? Wanabeba. Wengi walikubali kwamba wanabeba, hata waliokuja na kofia nyekundu za upinzani walikubali, huku wakiangalia pembeni. Hapo ubishi ukawa mtamu kweli: bei ya mafuta ya lori, nani hulipa, hela hutoka wapi, na kwa nini uwanja lazima ujae.

Hakuna aliyepigwa. Nijuavyo, hakuna aliyebadili chama pia. Muuza kofia alikataa katakata kwamba lori la fulana na lori la askari ni kitu kimoja, na kijana wa njano alikataa kwamba fulana ni malipo. Ila kabla ya kuondoka mzee alimsahihisha mchoraji: malori ya wakati ule hayakuwa na pua ya namna hiyo. Akachukua mkaa akamwonyesha.

Sasa nambieni, ni mkutano gani wa kijiji, ni kipindi gani cha redio, kingewakalisha hao wanne pamoja? Katika mkutano mzee angekaa nyuma akinyamaza, maana wenye vipaza sauti wana haraka. Redioni kijana wa njano angekuwa na hoja alizopewa. Mbele ya picha mtu husema kwanza anachokiona, na hicho hakuna aliyemwandikia. Ndiyo sababu swali letu la kwanza kwa mtazamaji huwa ni "Unaona nini?" Anachofikiri huja baadaye, tena mara nyingi bila kuulizwa. Chini ya kila picha tunaweka karatasi tupu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana kalamu ya bure sokoni haimalizi saa. Asiyetaka kusema mbele za watu huandika. Wanawake wa pwani wameifanya kazi hii kwa kanga miaka mingi. Lisilosemeka mezani linavaliwa, na mhusika analisoma mwenyewe.

Mchoraji wa Uganda hana hata rangi isiyo na mwenyewe. Njano ni ya chama tawala, NRM; nyekundu ni ya chama cha upinzani cha NUP, buluu ya chama cha FDC, kijani ya chama cha DP. Tangu mwaka 2019, jeshi lilipoitangaza bereti nyekundu kuwa sare yake, wanafunzi wangu wanaishika rangi nyekundu kama moto. Kuna aliyeniuliza kama anaweza kuchora machweo. Mimi mwenyewe nimewahi kuulizwa kwa nini bango la muuza nyanya ni jekundu, na aliyeuliza alikuwa anangoja jibu.

Serikali hii hii imekwisha kuonyesha kwamba jambo tunaloomba linawezekana. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, lilipatikana kabati lenye negativu za picha zilizopigwa na wapigapicha wa serikali, nyingi zikiwa za enzi za Idi Amin. Zilikuwa kama 70,000. Mei 2019, Jumba la Makumbusho la Taifa pale Kitante likatundika sehemu ya picha hizo. Tafakarini ugumu wake. Mpigapicha wa dikteta hupiga kile ambacho dikteta anataka kionekane: Amin anacheza, Amin anakagua gwaride, umati unapiga makofi. Waliouawa hawamo. Asiyejua historia anaweza kuzitazama zote akatoka akidhani ulikuwa utawala wa sherehe. Picha kama hizo huwezi kuzitundika ukaziacha zijisemee. Ni lazima watu wazizungumze, aliyefiwa na baba na yule ambaye hadi leo anasema Amin aliwapa Waafrika maduka ya Wahindi. Watu hao wapo, wanaishi mtaa mmoja, na ukitaka kuwasikia keti kwa kinyozi yeyote.

Jumba la serikali lilithubutu kufungua jeraha hilo na Kampala haikuungua. Kule Kitgum, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ina kituo cha kumbukumbu za vita. Jirani zetu Wakenya nao, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 yaliyoua watu zaidi ya 1,100, walimwona mpigapicha Boniface Mwangi na wenzake wakizungusha maonyesho ya barabarani waliyoyaita Picha Mtaani, wakitundika picha za machafuko hayohayo katika miji ambayo watu wake walichomeana nyumba. Picha zilikuwa mbichi, waliozitazama wengine walikuwa wahusika, na baada ya kutazama waliketi wakaongea. Kama hilo liliwezekana Kenya damu ikiwa haijakauka, sioni kwa nini lori la mkaa kwenye plaiwudi litikise mji wetu.

Hapa niseme neno kwa upande wetu, wasanii na mashirika yanayotushika mkono. Maonyesho mengi ya "mazungumzo ya kiraia" hufanyikia hotelini Kampala. Kuna bango kubwa la wafadhili, chai ya saa nne, posho ya nauli, na maelezo ya picha kwa Kiingereza cha ripoti. Waliomo ndani wote wanakubaliana tangu walipokuwa kwenye foleni ya kuandikisha majina. Afisa akiyaona hayo akadhani ni mradi wa watu wa nje, simlaumu sana. Picha ya mchimbaji mdogo wa dhahabu ikitundikwa hotelini inakuwa pambo; itundikeni Tiira, mahali anapochimba, muone kama hamtapata mjadala. Picha ya shamba lililopimwa kwa ajili ya bomba la mafuta, mwenyewe akaambiwa asipande tena mazao ya kudumu huku fidia ikichelewa, iende Hoima, Kakumiro na Kyotera, ambako bomba hilo la kilomita 1,443 kwenda Tanga linapita, tena iende siku ambayo afisa ardhi ana nafasi.

Na maelezo yawe katika lugha ya mahali. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mpakani hatukungoja uamuzi. Huku Msamia, Mtesio, Mganda na Mluyia wa ng'ambo wakikutana kwenye gunia la maharage, bei hutajwa kwa Kiswahili. Najua kuna wazee, hasa upande wa Luweero palipopiganwa vita miaka ya themanini, ambao Kiswahili masikioni mwao ni lugha ya mtu mwenye bunduki, na baada ya kumsikia yule muuza kofia siwezi kuwaambia wamekosea. Kwa hiyo sikiombei Kiswahili upendeleo. Iwekwe lugha ya watu wa hapo, na Kiswahili pembeni yake pale kinapotumika. Kiingereza kikibaki na nafasi, karibu.

Sasa hofu yenu, maana najua mnayo, na si yote ya uongo. Je, mtu akichora picha ya kutukana kabila? Kanuni ya Adhabu ina makosa ya uchochezi wa kikabila na kidini. Mkamateni, mpelekeni mahakamani, hakimu aitazame picha. Hiyo ni tofauti na afisa mmoja kuitoa ukutani kwa sababu imemkera. Je, vijana wakipigana? Tunaomba polisi wawepo, wawili watatu, tena wakipenda waandike maoni yao kwenye karatasi tupu kama watu wengine. Je, kiongozi akichorwa vibaya? Hapo sina la kuwafariji. Aliyeomba kura na uso wake ukawa kwenye kila mti wa umeme ameshakubali kutazamwa. Kwa mtu wa kawaida tuna miiko yetu: hatutundiki sura ya mtu anayetambulika bila idhini yake, wala jina la mtoto, wala picha ya maiti ambayo ndugu zake hawakuridhia.

Hoja kwamba wakati wa uchaguzi si wakati wake nimeisikia sana. Kabla ya uchaguzi tunaambiwa joto liko juu. Baada ya uchaguzi tunaambiwa vidonda bado vibichi. Katikati hapo tunaambiwa wananchi wameshasahau, kwa nini mnawakumbusha? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunachoomba, basi, kiwe hivi. Anayetaka kufanya maonyesho aandike barua moja kwa karani wa mji: tarehe, mahali, saa, na mtu wa kuwajibika. Karani ampelekee polisi nakala kwa ajili ya ulinzi tu. Siku tatu za kazi zikipita kimya, maonyesho yaendelee. Akikataa, akatae kwa maandishi, aweke sababu na jina lake. Ada ya ukumbi iwe ileile anayotozwa bwana harusi, na mwanafunzi aliye chini ya mwalimu wake asitozwe kitu. Asiombwe mtu orodha ya maana za picha. Maana huja na watazamaji, na hao hatuwajui mapema. Utaratibu wenyewe ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila manispaa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo, palepale mnapobandika kodi za majengo. Hela hatujaomba, na msije mkatuanzishia mfuko. Mfuko ukishaundwa utakuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti atakuwa na maoni juu ya picha.

Na mje. Mje bila msafara, msimame mbele ya picha kama mtu mwingine, mwulizwe mjibu. Mtu wa forodha aliyewahi kuja kwetu alikuta mchoro wa mama anavuka njia za panya na trei za mayai kichwani, askari amejificha nyuma ya mgomba. Akasema mgomba ule ni mdogo, yeye hangeweza kujificha hapo, watu wakacheka. Kisha akaeleza kiwango cha bidhaa anachoruhusiwa mchuuzi mdogo kupitisha kwa utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki, na fomu anayotakiwa kujaza. Kumbe wanawake waliokuwepo, wanaovuka kila wiki, wengi hawakuwahi kuelezwa. Wakamwuliza kwa nini basi wenzake huchukua mayai bila kuandika risiti. Hilo alishindwa kulijibu, akasema atauliza ofisini. Bado tunamdai jibu hilo, na kila akipita sokoni anakumbushwa kwa jina la mayai.

Taarifa yetu ya maonyesho yajayo tumeiambatanisha na barua hii. Tarehe imo, mahali pamo, saa imo, na namba ya simu ya mtu wa kuwajibika imo. Orodha ya picha haimo.

Wenu,
Mchora mabango na mwalimu wa kuchora,
mpaka wa mashariki, Uganda